Tumpe Nafasi Ndugu Yetu: Mada Kuhusu Unene na Ndimi Zetu

(Mada hii ilitolewa na mwanafunzi wa chuo kikuu katika kikao cha vijana na wazazi cha kuukaribisha mwezi wa Ramadhan.)

 



Nilipoambiwa niseme machache kuhusu maandalizi ya Ramadhan, najua wengi walitarajia mada ya tarawehe au ya zaka. Kwa hayo mashekhe wetu wapo na wanatutosha. Mimi naomba tuzungumze jambo tunalolifanya kila siku wala hatulihesabu kuwa ni dhambi, nalo ni jinsi tunavyowatendea ndugu zetu walio wanene. Naam, wanene. Naona wengine mshaanza kutabasamu. Basi hilo tabasamu ndilo mada yenyewe.

Hebu tuanze nyumbani kwetu. Sisi watu wa Pwani kuhusu mwili tuna mambo mawili yanayopingana. Kijana akirudi kutoka safari akiwa amepungua, mama anashtuka: "Mbona umekonda, una nini?" Akirudi amejaa, anaambiwa amenawiri, mashaallah, maisha yamemkubali. Bwana harusi akinenepa mwezi wa pili baada ya ndoa, sifa anapewa mke kwa mapishi yake. Bibi harusi naye huwekwa ndani, asinge kwa asinge, alishwe vizuri atoke ana mwili. Sasa dada huyo huyo akizaa watoto watatu, mwili ukakataa kurudi, wale wale waliomsifu ndio wanaomwita pipa. Mtoto mnene akiwa na mwaka mmoja kila mtu anataka kumbeba. Akifika darasa la tano, ni "kibonge" shuleni, "kibonge" madrasa, na "kibonge" kwa shangazi zake. Hajabadilika yeye. Tumebadilika sisi.

Halafu toka nje. Anasimamisha matatu, makanga anamwangalia juu mpaka chini, anasema kwa sauti gari zima lisikie: "Mama, wewe utalipa viti viwili." Abiria wanacheka. Anaingia duka la mabuibui, kabla hajasema neno anaambiwa, "Size yako hatuna." Anakwenda kliniki na maumivu ya sikio, anaambiwa apunguze mwili kwanza. Jamani, sikio na kilo zinahusiana vipi? Kijana akienda uwanjani na wenzake, nafasi yake ni moja tu, golini, na hata huko anaambiwa asisogee kwa sababu lango tayari limeziba.

Watu hawa si wachache. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2022 watu zaidi ya bilioni 1 duniani walikuwa na unene wa kupindukia, yaani mtu 1 katika kila watu 8. Kipimo chao ni hiki: chukua uzito kwa kilo, ugawanye kwa urefu wa mita, kisha ugawanye tena kwa urefu huo huo. Ukipata 30 au zaidi, huo ndio wanaouita unene wa kupindukia. Kwa mtu mwenye urefu wa mita 1.60, hiyo ni kama kilo 77. Hapa kwetu Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa katika kila wanawake 3 wa umri wa miaka 15 hadi 49, mmoja alikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Mmoja kwa watatu! Kwa hiyo unapomcheka "yule", unamcheka mamako, khalati yako, dadako.

Sasa najua hoja iliyo vichwani mwenu. Kuna anayesema, "Lakini ndugu, si wamejitakia? Si wafunge midomo?" Tuijibu hoja hii kwa ilimu, tusiijibu kwa hasira.

Mwaka 1994 wanasayansi wa New York waligundua homoni inayoitwa leptini. Homoni hii hutoka katika mafuta ya mwili yenyewe, ikapanda mpaka kwenye ubongo na kuuambia: akiba ipo, njaa na ipungue. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1997, madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari ya watoto wawili, binamu, kutoka familia yenye asili ya Pakistan. Msichana alikuwa na miaka 8 na kilo 86. Mvulana alikuwa na miaka 2 na kilo 29. Walizaliwa na uzito wa kawaida, lakini njaa yao ilikuwa haiishi. Walipopimwa damu, ikaonekana miili yao haitengenezi leptini sawasawa. Ubongo wao ulikuwa unaambiwa usiku na mchana kuwa wanakufa kwa njaa. Yule msichana alipoanza kudungwa sindano za leptini, njaa ikatulia, na kwa mwaka mmoja akapungua zaidi ya kilo 15. Jiulize, kabla ya damu ile kupimwa, ni watu wangapi walimwona mtoto yule kuwa ni mlafi na mamake kuwa hajui kulea?

Nisieleweke vibaya. Ugonjwa ule ni nadra sana, na wengi wa ndugu zetu wanene leptini wanayo. Lakini unatufundisha kuwa njaa si tabia tu. Njaa ni amri ya mwili, na amri hiyo haiko sawa kwa kila mtu. Wako wanaonenepa kwa sababu ya tezi ya shingoni kutofanya kazi. Wako wanaonenepa kwa dawa: insulini ya kisukari, dawa za steroidi kwa wanaozitumia muda mrefu, baadhi ya dawa za maradhi ya akili, sindano ya kupanga uzazi. Yule unayemcheka huenda anameza dawa inayomweka hai.

Na yule anayejitahidi kupungua, mwili wake wenyewe humpiga vita. Huko Marekani kulikuwa na mashindano ya televisheni ya kupunguza uzito yaitwayo The Biggest Loser. Mwaka 2016 watafiti walitoa habari za washindani 14 waliofuatiliwa miaka 6 baada ya mashindano. Wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo walizopoteza. La ajabu ni kwamba miili yao ilikuwa bado inatumia nguvu kidogo sana kuliko miili ya watu wa ukubwa wao. Mwili ulihesabu kule kukonda kuwa ni ukame, ukaanza kubana matumizi, kama mama anayepunguza unga kwenye sufuria akijua mwisho wa mwezi uko mbali. Kwa hiyo usimwambie mtu "si ufunge mdomo tu", kama kwamba ni mlango wa kabati.

Pia tusidanganyane kwamba kejeli inasaidia. Utamsikia mtu anasema, "Mimi namwambia ukweli ili ajirekebishe." Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London walifuatilia watu karibu 3,000 wa Uingereza wenye umri wa miaka 50 na zaidi kwa miaka 4, na matokeo yakatoka mwaka 2014. Waliosema kuwa wamebaguliwa kwa sababu ya uzito wao waliongezeka kama kilo 1. Ambao hawakubaguliwa walipungua kidogo. Na ukifikiria si ajabu. Anayechekwa barabarani hatatoka kutembea. Anayedharauliwa kliniki harudi kliniki. Anayehesabiwa matonge atakula peke yake usiku, na machozi.

Ndugu zangu, hayo ni ya wataalamu. Tuje kwenye dini yetu, maana hapa ndipo tunapoulizwa.

Sote tuliopita madrasa tumehifadhi Suratul Hujurat. Aya ya 11 imewakataza wanaume kuwadharau wanaume wenzao na wanawake kuwadharau wanawake wenzao, kwani huenda anayechekwa ni bora kuliko anayecheka. Ikakataza kuitana kwa majina ya kejeli. Aya ya 12 ikafuata kukataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Tunaisoma kwa tajwidi nzuri, kisha tukitoka nje ya mlango wa madrasa tunaita, "Wee kibonge, ngoja!"

Lakini leo sitaki tuishie kwenye makatazo. Nataka tuangalie jinsi Mtume (s.a.w.) alivyoishi na mtu mnene ndani ya nyumba yake. Mama yetu Bi Sauda bint Zam'a (r.a.), mke wa Mtume, alikuwa mwanamke mwenye mwili mkubwa. Hili limo katika hadithi sahihi, na ziko habari mbili zake ninazotaka tuzishike.

Habari ya kwanza ni ya Hija ya kuaga. Usiku wa Muzdalifa mahujaji hulala pale kisha huondoka pamoja baada ya alfajiri, na msongamano wake aliyehiji anaujua. Bi Sauda, kwa uzito wa mwili wake na kwenda kwake polepole, alimwomba Mtume ruhusa atangulie kuondoka kabla ya watu kusongamana. Mtume akamruhusu. Hakumwambia, "Ungepunguza mwili kabla ya safari." Hakumhoji mbele za watu. Alimpa nafasi, basi. Na Bi Aisha (r.a.) akaja kusema baadaye kwamba alitamani naye angeomba ruhusa ile. Angalieni, ile nafasi aliyopewa mtu mnene haikuwa aibu. Ilikuwa kitu cha kutamaniwa na wenzake.

Habari ya pili. Baada ya amri ya hijabu kushuka, Bi Sauda alitoka usiku kwa haja yake. Sayyidna Umar (r.a.) akamtambua kwa umbo lake, akamwambia kuwa hawezi kufichika kwao. Sayyidna Umar hakukusudia kejeli. Alikuwa na pupa ya sitara ya wake wa Mtume. Lakini Bi Sauda alirudi nyumbani na kumshitakia Mtume, naye alikuwa anakula chakula cha usiku, na mfupa wa nyama uko mkononi mwake. Mtume akamsikiliza. Wahyi ukashuka pale pale, na ulipomalizika mfupa ungali mkononi, akawaambia kuwa wameruhusiwa kutoka kwa haja zao.

Tafakarini hapo. Mwanamke mnene ameambiwa anajulikana kwa mwili wake. Jawabu halikuwa "kaa ndani basi". Jawabu lilikuwa "toka, una ruhusa". Sunna ya Mtume kwa mtu mnene ni kumpanulia njia. Sisi tunamfungia.

Na tunamfungia kweli, wala sisemi kwa kubahatisha. Kuna dada mmoja ninayemjua, amenipa ruhusa niseme habari yake bila jina. Ramadhan moja alikuwa akija futari ya pamoja, anasaidia kupanga tende na kumimina uji. Siku moja, mbele ya sinia, mtu akasema kwa mzaha, "Wewe unafunga kweli? Mbona hupungui?" Wakacheka. Siku ya pili hakuja. Tarawehe hakuja. Aliniambia maneno haya: "Nikila tende tatu naonekana nimekula kumi. Nisipokula, wanasema nimeshiba mchana." Mwezi mzima alifuturu nyumbani na mamake. Mzaha mmoja wa nusu dakika ulimtoa Muislamu katika jamaa.

Tena tulichambue neno lile, maana kila Ramadhan linasemwa. Kumwambia mtu mnene kuwa hafungi ni kumtuhumu kwamba anavunja nguzo ya dini. Ushahidi wako ni nini? Kiuno chake? Saumu ni siri baina ya mja na Mola wake, na wewe unaipima kwa tepu ya fundi cherehani! Na hata ukimwona mtu anakula mchana, hujui kama ni mgonjwa aliyekatazwa na daktari. Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa katika Suratul Baqara. Nani amekufanya wewe mlinzi wa mlango wa ruhusa hiyo?

Kuna ndugu watakaoleta hadithi zinazotaja unene kwa ubaya, wazitumie kama fimbo. Imam Nawawi, katika kuifafanua hadithi ya Sahihi Muslim inayotaja watu watakaokuja na kupenda unene, amebainisha kuwa anayelaumiwa ni anayeutafuta kwa kujishibisha, na si yule aliye hivyo kwa maumbile yake. Sasa wewe, kwa kumtazama tu mtu anavuka barabara, unajua ni yupi kati ya hao wawili?

Na yule ambaye kilema chake ni wembamba, naye akumbuke habari ya Sayyidna Abdullah bin Mas'ud (r.a.). Alikuwa na miundi myembamba, akapanda mti kuchuma miswaki, maswahaba wakacheka walipoiona. Mtume akawaambia kuwa miundi ile ni mizito katika mizani kuliko jabali la Uhud. Kwa hiyo mizani ipo ndugu zangu, na sote tutapanda. Lakini si ile ya kliniki.

Je, nasema unene hauna madhara? La hasha. Mwili ni amana. Unene wa kupindukia unakaribisha kisukari, presha, maradhi ya moyo na maumivu ya magoti, na kumficha mtu habari hiyo si mapenzi. Lakini nasaha ina adabu zake. Hutolewa faraghani, hutolewa na aliye karibu, na huja pamoja na msaada. Ukimwambia dadako, "Twende tutembee baada ya alfajiri, mimi na wewe," hiyo ni nasaha. Ukimwambia mbele ya wageni, "Wacha hiyo sambusa," hiyo ni karaha. Na mafundisho ya Mtume ya kugawa tumbo mafungu matatu, moja la chakula, moja la kinywaji na moja la pumzi, yameelekezwa kwa kila mwanadamu. Wewe mwembamba unayemaliza sahani ya viazi karai na kaimati peke yako, nawe umo.

Basi tukitoka hapa tuchukue mambo matano.

Kwanza, majina ya kejeli yafe. Kibonge, pipa, tembo, yote. Mwite mtu jina alilopewa siku ya akika yake.

Pili, kwenye futari macho yako yakae kwenye sahani yako.

Tatu, misikiti na kumbi zetu ziwe na viti madhubuti, visivyo na mikono, kwa wenye miili mikubwa na wenye magoti mabovu, viwekwe ndani ya safu. Aya ya 11 ya Suratul Mujadila imetuamrisha tukunjue nafasi katika mabaraza yetu, na Mwenyezi Mungu atatukunjulia.

Nne, tukiandaa siku ya matibabu ya bure, tuhakikishe upo mkanda mkubwa wa kupimia presha. Mkanda mdogo ukifungwa kwenye mkono mnene, presha husomeka juu kuliko ilivyo, na mtu hupewa dawa isiyomstahili. Nanyi wenzangu mnaosomea udaktari na uuguzi, msikilizeni mgonjwa sikio lake kabla ya kuziangalia kilo zake.

Tano, vijana wa kiume, katika posa. Unaruhusiwa kuchagua umpendaye. Huruhusiwi kukaa barazani na kuwapima mabinti za watu kama ng'ombe wa mnadani.

Wazazi wetu, nanyi nawaomba kwa heshima. Jina la kwanza la kejeli mtoto mara nyingi hulisikia nyumbani, na kwa mapenzi. Akilizoea kwenu, atakosa nguvu ya kulikataa nje.

Na wewe ndugu yangu, dada yangu uliye na mwili mkubwa, uliyekuja leo ukakaa nyuma karibu na mlango ili usipite mbele za watu, tunakuomba Ramadhan hii usituache. Njoo futari, njoo tarawehe, njoo darsa. Ukikosa kiti, sema. Atakayekucheka, jukumu la kumnyamazisha ni letu sisi tuliokaa karibu naye, si lako wewe.

Ewe Mola wetu, zisafishe ndimi zetu kabla ya matumbo yetu kufunga. Wape shifaa wagonjwa wetu, watie nguvu wanaojitahidi, na usitujaalie kuwa sababu ya mja wako kuukimbia msikiti wako. Amin.

Ramadhan Mubarak. Wabillahi tawfiq, wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.